Jeneza Halipiti Chini ya Mialoni

Kelderwick Hall,
3 Februari 1974

Bi Lettice,

Mimi ni Wilfred Tapsell, niliyeinunua Kelderwick kutoka kwa halmashauri mwaka jana. Najitambulisha kwa sababu tangu nihamie humu unanipita njiani kama mtu anayepita nguzo ya simu. Mama yangu alikuwa Edith Tapsell, mpishi wa baba yako. Kutoka mlangoni kwangu hadi nyumba yako ya getini mtu akipiga mluzi anasikika, lakini maadamu hutaki kuzungumza, barua hii itakwenda mpaka York ikagongwe muhuri, kisha irudi.

Shida yangu ni hii. Kabla ya Krismasi nafungua hoteli. Wageni wa siku hizi hawatosheki na kitanda laini na chai ya asubuhi, wanataka na hadithi ya kwenda kuwasimulia majirani. Nataka kuchapisha kijitabu cha historia ya nyumba hii, kiwekwe kila chumba: nani aliijenga, wakubwa gani walilala humu, na kama kuna mzuka basi na mzuka pia. Hakuna aliyebaki anayeijua kama wewe. Umezaliwa humu na umezeekea humu. Niandikie, nami nitaweka jina lako mwishoni.

Jambo jingine, mnyororo uliouona getini haukuwekwa kwa bahati mbaya. Barabara ya mbele, ile yenye miti ya mialoni pande zote, sasa ni ya wageni wa hoteli. Wanaokwenda kanisani wapite njia ya nyuma, kwenye ua wa makaa. Umbali ni uleule, ni matope kidogo tu.

Wako,
W. Tapsell


Nyumba ya Getini,
9 Februari 1974

Tapsell,

Nimepata barua yako. Nimeisoma nimesimama, maana haikustahili kiti.

Kelderwick si dubu wa sarakasi hata nimvishe kofia awachezee wageni wako. Baba yangu, Kanali Ormerby, aliiuza kwa halmashauri kwa sababu hakuwa na jinsi, na halmashauri ikaifanya chuo cha walimu. Niliwavumilia mabinti wale walioanika soksi maktabani kwa sababu angalau walikuwa wanajifunza kitu. Wewe utaweka baa mle. Nimeiona kaunta ikishushwa kwenye lori.

Na mnyororo wako ni aibu. Wakati wetu kijiji kizima kilipita chini ya mialoni kwenda kanisani kila Jumapili. Siku moja tu katika mwaka, mwanzoni mwa Februari wakati hakuna mwenye hamu ya kutembea, baba alifunga geti tangu asubuhi hadi jioni, ili watu wakumbuke kwamba wanapita kwa hisani na si kwa haki. Kesho yake lilifunguliwa. Hivyo ndivyo mtu mwenye nyumba anavyoishi na majirani. Lakini utajulia wapi.

Hata hivyo nitakuandikia historia yako, kwa sharti moja. Daktari Meakin aliniwekea kile kifaa chake kifuani, kisha akaniuliza kama nimeshaandika wosia. Sitamaliza mwaka ujao, pengine hata huu. Baba, mama na kaka zangu wote wamelala kanisani. Nataka jeneza langu litoke hapa getini, lipite chini ya mialoni, lisimame kidogo mbele ya mlango mkubwa wa nyumba niliyozaliwa, kisha liende kwa wenzangu. Sitaki kingine chochote kwako wala kwa mtu yeyote.

Niandikie ahadi kwa mkono wako mwenyewe, nami nitashika kalamu.

Lettice Ormerby


Kelderwick Hall,
14 Februari 1974

Bi Lettice,

Kwanza, mimi ni Bwana Tapsell. "Tapsell" kavu aliitwa marehemu babu yangu alipokuwa akishika farasi wenu.

Pili, jibu ni hapana, na wewe unajua kwa nini kuliko mtu yeyote katika kijiji cha Kelder. Baba yako alikuwa na sheria nyingine ambayo umesahau kuiandika. Wazima wapite, maiti hapana. Jeneza la mtu wa nje likishapita kwenye njia ya mtu, njia ile ni ya watu wote milele, na mwenye shamba hana tena mdomo. Hayo tulinyonya na maziwa. Mke wa mhunzi alipokufa, mumewe alipiga magoti mbele ya Kanali, akaambiwa apite nyuma. Mwalimu mkuu akapita nyuma. Hata dada wa mchungaji alipita nyuma. Ni akina Ormerby tu waliopita mbele, kwa sababu wao walikuwa wenyewe, na mwenyewe hafungui njia kwa kupita kwake.

Sasa mwenyewe ni nani? Wewe ni mpangaji wa getini, na hata upangaji huo umepewa na halmashauri kwa huruma. Kwa sheria ya baba yako wewe ni mtu wa nje. Nikikupitisha chini ya mialoni leo, kesho nina baiskeli, mbwa na vigari vya watoto mbele ya madirisha ya chumba cha kulia. Mkuki kwa nguruwe, Bi Lettice.

Njia ya nyuma ipo. Utapita ua wa makaa kama walivyopita wengine.

W. Tapsell


Nyumba ya Getini,
20 Machi 1974

Bwana Tapsell,

Nimeandika Bwana. Furahi, uwatangazie wenzako wa baa.

Kwa kuwa hukutoa ahadi, hupati historia uliyoitaka. Unapata ninayoitaka mimi, na hii hapa sehemu ya kwanza. Iweke kando ya vitanda.

Nyumba ilijengwa na Josiah Ormerby, babu wa babu wa babu yangu, kwa faida ya sukari ya Jamaika, yaani kwa jasho na damu ya watu walionunuliwa sokoni. Ile sanamu ya mtoto mweusi aliyebeba taa pale ngazini, ambayo nasikia umeipaka rangi ya dhahabu, uliza ilitoka wapi kabla hujaisifia kwa wageni.

Katika vita vya kwanza nyumba ilikuwa hospitali ya majeruhi. Ukumbi wa dansi, utakaokuwa ukumbi wako wa harusi, ulijaa vitanda ukutani hadi ukutani. Nilikuwa msichana, nikapewa kazi ya kuwasomea magazeti. Sikuwasomea vita, niliwasomea mbio za farasi. Kijana mmoja wa Uskoti aliweka dau kila siku kwa farasi niliyemchagua mimi, na siku farasi wetu aliposhinda, nilikuta kitanda chake kimeshatandikwa upya. Na kile chumba cha kona chenye mwanga mzuri, ulichokitengenezea fungate, ndicho walichokatia watu miguu. Mwanga ule ndio madaktari walioupenda. Maharusi wako watalala vizuri.

Usidhani utanizuia. Mtaro wako wa maji hauruhusu magari kupita kwa kasi hapa getini, lazima kila gari lisimame. Nina kiti, nina sauti, na blanketi la baridi ninalo. Kila mgeni wako atapata historia yake papa hapa, bila kulipia. Au niandikie ahadi.

Lettice Ormerby


Kelderwick Hall,
2 Aprili 1974

Bi Lettice,

Umekosea kunitisha kwa damu. Wageni wanaipenda. Nimemwambia mpiga chapa aweke miguu ile ukurasa wa kwanza.

Lakini historia yako ina tundu. Umetaja Josiah, umetaja madaktari, umemtaja hata farasi. Mashuka ya vitanda vyote vile yalifuliwa na nani? Mama yangu aliingia Kelderwick mwaka ule, binti wa kufua, akasugua damu kwa maji ya baridi mpaka ngozi ya vidole ikamtoka. Alikuwa rika lako. Wewe ukisoma mbio za farasi, yeye alikuwa chini yako, chumba cha kufulia, sakafu moja tu katikati yenu.

Sasa nikupe na mimi ukurasa wa historia.

Ni mwaka 1947, ile baridi ambayo watu bado wanaisimulia. Jeshi lililoichukua nyumba wakati wa vita vya pili lilikuwa limetoka na ninyi mmerudi. Mimi pia nilikuwa nimerudi kutoka vitani. Mama alianguka jikoni akikanda unga wa mkate wenu, akafa kabla unga haujaumuka. Tulimbeba wanaume sita. Barabara ya mialoni ilikuwa imefagiliwa theluji mpaka kokoto zinaonekana, kwa ajili ya gari la Kanali. Njia ya nyuma theluji ilifika mapajani. Nikaenda kwa baba yako, kofia mkononi, bado nimevaa koti la jeshi kwa sababu sikuwa na jingine. Akasema, "Pole sana, Tapsell. Lakini unajua mwenyewe mambo yalivyo." Kisha akaniuliza kama nataka chai.

Tukapita nyuma. Kwenye ua wa makaa mjomba wangu Alf akateleza, na jeneza likatuponyoka. Lilipiga ukuta, likapiga chini. Nilimsikia mama akigonga mle ndani, Bi Lettice. Bado namsikia. Nikainua macho, nikakuona wewe, umesimama dirisha la juu, unatuangalia. Ukavuta pazia.

Watu wanadhani nimenunua nyumba hii kwa sababu ya hoteli. Waache wadhani.

W. Tapsell


Nyumba ya Getini,
11 Mei 1974

Bwana Tapsell,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa kitandani, na si kwa sababu ya barua yako, usijipe sifa hiyo.

Umesema nilivuta pazia. Nililivuta, ndiyo. Nilivuta kila pazia la nyumba ile, mbele na nyuma, juu na chini, kwa mikono yangu, kwa sababu vijakazi wote walikuwa msibani kwenu. Wewe umezaliwa Kelder. Hujui kwamba mapazia hufungwa maiti wa nyumba anapopita? Kila kibanda cha kijiji hiki hufanya hivyo. Nilimfanyia mama yako yaleyale niliyomfanyia mama yangu mzazi, wala si nusu yake. Na kwa kuwa pazia lilikuwa limefungwa, sikuona jeneza likianguka. Nimejua leo, kwako.

Kwa hiyo umekaa miaka yote hiyo ukinichukia kwa heshima niliyokupa. Ni hasara yako, mimi nisiwekwe humo.

Kuhusu baba, alikuwa sahihi. Angemruhusu mmoja angeruhusu wote, na mialoni ile ingekuwa kichochoro cha soko. Alimpenda mama yako. Hakula keki ya tangawizi ya mtu mwingine mpaka alipokufa. Lakini sheria ni sheria, hata inapouma.

Mtaro wako umeziba, maji yanaingia kwangu. Mtume mtu.

Lettice Ormerby


Kelderwick Hall,
15 Mei 1974

Bi Lettice,

Mtaro utazibuliwa leo.

Ufunguo wa geti ulikuwa ukining'inia ukumbini, pale kwenye ndoano ya shaba. Ulipita mbele yake kila ulipokwenda kufunga pazia jingine. Ulikuwa mwanamke mzima, si mtoto wa kunyooshewa kidole na baba. Ungeuchukua. Heshima yako ilikuwa ya kitambaa, na kitambaa hakibebi jeneza.

Leo nimeongeza kufuli la pili. Historia nitaandika mwenyewe, nawe usiniandikie tena.

W. Tapsell


Nyumba ya Getini,
29 Agosti 1974

Bwana Tapsell,

Nakuandikia ingawa umenikataza. Sijawahi kukatazwa na mtu wa jina lako na sitaanza uzeeni.

Juzi nilipanda basi hadi York kwa wakili, nikamwekea mezani suala la jeneza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikusudia aniambie kwamba mtu aliyezaliwa kwenye nyumba bado ni mwenyewe, hata nyumba ikiuzwa, ili nikupeleke mahakamani nikiwa bado napumua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Aliomba radhi, lakini alikuwa ameshacheka. Akasema hakuna sheria hiyo. Haipo leo na haikuwahi kuwepo. Jeneza halifungui njia yoyote, liwe la mtu wa nje au wa ndani. Ni maneno ya wazee wa vijijini, akasema, anayasikia kila mwaka, na kila anayeyasema anaapa kwamba babu yake aliyaona kwa macho.

Nilitoka mle nimeshinda. Nilikaa kwenye basi nikitunga barua hii, na ilikuwa barua tamu sana. Nilitaka kukwambia kwamba huna kisingizio tena, kwamba mialoni yako haitapungukiwa na jani nikipita chini yake, kwa hiyo fungua.

Nilipofika kituo cha Kelder nikawaza theluji ile. Kama sheria haikuwepo, basi haikuwepo hata mwaka ule. Baba alimpitisha Edith kwenye theluji ya mapajani kwa sababu ya uvumi. Na mimi nilijifungia nyuma ya mapazia nikiona nimefanya jambo kubwa.

Sijui kuomba radhi. Nyumbani kwetu hatukufundishwa, tulikuwa watu wa kuombwa. Basi sikuombi. Nakuambia tu kile wakili alichosema, ukifanyie utakalo.

Lettice Ormerby


Kelderwick Hall,
4 Septemba 1974

Bi Ormerby,

Mimi najua siku nyingi. Wakili wangu aliniambia kabla sijatia sahihi ya kununua. Alicheka pia. Nadhani wanafundishwa.

Sikukuzuia kwa kuogopa baiskeli. Nilitaka Ormerby mmoja apite ua wa makaa. Mmoja tu, abebwe kwenye matope, apite mapipa ya taka na mlango wa jikoni, nami nisimame dirisha la juu nimwangalie. Baba yako alishapita mbele kwa madaha yake, na kaka zako. Umebaki wewe. Ingekuwa mwingine ningemtaka mwingine.

Sasa unajua, na jibu bado ni lilelile.

W. Tapsell


Hospitali, York,
19 Oktoba 1974

Wilfred,

Usishtuke kwa jina. Mtu akilala hapa, mambo ya Bwana na Bibi yanachosha mkono, na mkono wenyewe ndio huu unaouona, kama wa kuku anayeparua.

Umeshinda. Nimeshamwambia Mchungaji Dowd: njia ya nyuma. Nitapita alikopita Edith, na nimekataza lisipelekwe jambo hili mahakamani wala gazetini. Wewe simama dirishani kama ulivyopanga. Usivute pazia. Angalia mpaka mwisho, maana umelisubiri muda mrefu, na nisingependa likupite.

Ndani ya bahasha hii kuna historia yako. Nimeimaliza hapa, muuguzi akinishikia karatasi. Josiah na sukari yake wamo. Hospitali imo, na binti aliyefua mashuka yumo, kwa jina. Wamo maofisa wa jeshi waliokaa wakati wa vita vya pili wakachoma ubao wa ngazi ya nyuma ili waote moto. Chuo kimo, na soksi. Hoteli yako imo pia, nimeipa mistari miwili na sikuitukana. Ukurasa wa mwaka 1947 nimeuandika kama ulivyokuwa, na jina la mama yako liko juu ya jina la baba. Sikuomba chochote kwa ajili yake. Ni yako, ila ukibadilisha hata nukta moja nitakuwa mzuka uliokuwa ukiutaka.

Jambo moja halimo, kwa sababu si la wageni. Nilikuwa nashuka jikoni jioni mapema, kabla ya chakula cha baba kupandishwa. Edith alinikatia keki ya tangawizi ile ya pembeni, iliyoshikana na bati, ambayo haipelekwi juu. Aliniita Letty, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Mlango ukifunguliwa nilikuwa tena Bi Lettice, naye alisimama. Nilimwacha asimame.

Kwaheri. Mtaro umeziba tena.

Lettice


Kelderwick Hall,
6 Novemba 1974

Bi Ormerby,

Historia nimeipokea. Imeshakwenda kwa mpiga chapa, na nukta zako zote.

Nakuandikia jambo la kazi. Njia ya nyuma haipitiki. Unajua mali yangu ilitokana na mchanga na kokoto, na mashine za kuchimbia ninazo. Jumatatu nilizileta mbili, zimeichimbua njia yote, ukuta huu hadi ukuta ule, kina cha kumzamisha mtu mpaka kifuani. Tunaweka lami. Wageni wangu wote wataegesha magari nyuma na kuingilia mlango wa makaa, hata akija bwana mkubwa wa namna gani, na mezani pale mapokezi patakuwa na picha ya mama yangu. Kazi itachukua muda wowote utakaohitajika. Wewe usiwe na haraka.

Kwa hiyo hakuna njia ya kufika kanisani isipokuwa ya mialoni. Mnyororo nimeukata, na geti nimeling'oa bawaba. Jeneza litasimama mbele ya mlango mkubwa kama ulivyotaka, na mapazia yatafungwa, mbele na nyuma, juu na chini. Ni mapya, ni mazito kama blanketi za farasi, na nitayafunga mwenyewe.

Usinishukuru. Baba yako sijamsamehe, na wewe sijui bado. Kijiji kizima kitakuja nyuma ya jeneza lako, na tangu siku ile wataamini njia ni yao milele. Mwambie wakili wako wa York aje awaeleze kwamba si kweli. Mimi sina muda.

Wilfred


Nyumba ya Mchungaji, Kelder,
11 Novemba 1974

Mpendwa Bwana Tapsell,

Barua yako nilimsomea Bi Ormerby jana mchana. Aliniomba nirudie mahali pa mashine za kuchimbia, nikarudia, akacheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza. Kisha alilala kidogo. Alipoamka hakuweza kushika kalamu, akanituma nikuandikie maneno yake kama yalivyo. Ningependa yangekuwa laini zaidi, lakini niliahidi nisiongeze wala kupunguza. Alisema:

"Mwambie Wilfred mialoni imeshamwaga majani na mvua imenyesha. Wabebaji watateleza. Afagie."

Amefariki leo alfajiri. Mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi.

C. Dowd


Kelderwick Hall,
Jumatano

Mchungaji,

Nimefagia. Nilianzia getini nikaishia mlangoni pa kanisa lako, mvua ikininyeshea. Usiku yataanguka mengine, nitarudia kesho kabla hamjafika. Waambie wabebaji watembee pole, na Letty asiguswe na kitu.

Wilfred Tapsell